Eglantyne Jebb, marehemu asiyeenea kwenye wasifu wa msibani

Februari 2024, mjini Geneva, Uswisi, yalihamishwa mabaki ya mwanamke aliyefariki mwaka 1928. Yalitolewa katika makaburi ya Saint-Georges yakazikwa upya Cimetière des Rois, ambako jiji hilo huwalaza watu linaowahesabu kuwa wakubwa. Yuko Jean Calvin wa Matengenezo ya Kanisa, yuko mwandishi Jorge Luis Borges wa Argentina, yuko Sérgio Vieira de Mello wa Umoja wa Mataifa aliyeuawa Baghdad mwaka 2003. Kwetu kufukua kaburi ni jambo la kuitisha ukoo mzima pamoja na shehe au padri, na mara nyingi jibu ni "mwacheni apumzike". Wao walikaa zaidi ya miaka 95 ndipo wakaona marehemu wao amelazwa mahali padogo kuliko kazi aliyoifanya.

Marehemu mwenyewe ni Eglantyne Jebb, Mwingereza, mwanzilishi wa Save the Children. Watu wengi wa huku wanalijua shirika hilo kwa magari yake na fulana za watu wake. Jina lake yeye hawalijui, na sidhani kama angejali.

Namwandika leo kwa sababu ya msiba mwingine, wa karibu zaidi. Bosi wangu wa zamani, mama aliyenipokea nikiwa mgeni kwenye ofisi ya ustawi wa jamii katika halmashauri moja ya mkoa wa Tanga, ametangulia mbele ya haki. Wasifu wake ulisomwa chini ya turubai, na ulikuwa kama wasifu wote wa watu wa kazi yetu: marehemu alikuwa mama wa wote, marehemu aliwapenda sana watoto, marehemu hakuwa mbaguzi. Sisi wa ofisini tuliinamisha nyuso tusionekane tunatabasamu. Mama yule hakuwa na pipi mkobani. Mtoto akilia ofisini kwake alimwangalia juu ya miwani, akangoja amalize, kisha akamuuliza jina la mwalimu wake wa darasa. Alichokuwa nacho ni kaunta buku ya kurasa mia mbili, kila mtoto na ukurasa wake, kila tarehe ya mahakamani imepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Shauri la matunzo lilipopigwa kalenda, yeye alikuwepo. Lilipopigwa kalenda tena, alikuwepo. Kuna akina baba waliolipa matunzo kwa sababu tu walichoka kumwona.

Ndiyo maana wasifu ule ulinirudisha kwa Jebb. Yeye naye ukimsomea "aliwapenda sana watoto", unampotezea jambo muhimu kuliko yote.

Alizaliwa mwaka 1876 huko Shropshire, katika familia yenye nafasi. Akasoma historia Oxford, chuo cha Lady Margaret Hall, zama ambazo wanawake walisoma pale lakini shahada hawakupewa. Alipomaliza akaenda kufundisha shule ya msingi mji wa Marlborough, na hakudumu. Afya haikuwa nzuri, na darasa lilimshinda. Hakuficha kwamba kukaa katikati ya watoto siku nzima kulimchosha na kwamba hakujaliwa kipaji hicho. Hakuolewa, hakuzaa. Alihamia Cambridge na mama yake, akajiingiza kwenye kazi za hisani, na mwaka 1906 akatoa kitabu cha utafiti juu ya hali ya maskini wa mji huo. Hapo ndipo unapoanza kumwona mtu mwenyewe: wenzake walikuwa wanagawa mablanketi, yeye anahesabu vyumba, mishahara na saa za kazi.

Mwaka 1913 alikwenda Makedonia kupeleka fedha za msaada baada ya vita vya Balkani, akaona wakimbizi kwa macho yake. Kisha vikaja vita vikubwa.

Hapa panataka maelezo kidogo, maana huku kwetu vita vile tunavikumbuka kwa von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, na wapagazi waliokufa porini, lakini ya Ulaya yenyewe hatuyajui sana. Uingereza ilitumia manowari zake kuzuia chakula kisiingie Ujerumani na Austria. Silaha ziliwekwa chini tarehe 11 Novemba 1918, ila kizuizi hakikuondolewa. Kiliendelea hadi Julai 1919, ili Ujerumani ibanwe isaini mkataba. Watu walikuwa wanakufa njaa wakati wa amani, na magazeti ya London hayakuwa na hamu ya kuandika habari hiyo.

Aliyeifukua ni mdogo wake Jebb, Dorothy Buxton. Alipata kibali cha serikali kuingiza magazeti ya nje, yakiwemo ya adui, akakusanya wafasiri na kuyachapa madondoo yake katika Cambridge Magazine. Eglantyne aliingia kwenye kazi hiyo ya kutafsiri. Mezani kwake zikaanza kufika habari za Vienna: watoto wenye matege, watoto wa miaka mitatu wasioweza kusimama, hospitali zisizo na maziwa wala sabuni. Mapema 1919 ndugu hao na wenzao wakaanzisha Baraza la Kupambana na Njaa, lenye lengo la kisiasa kabisa, yaani kizuizi kiondolewe.

Aprili 1919 Jebb, akiwa na miaka 42, alisimama Trafalgar Square katikati ya London akigawa vipeperushi. Kimoja kilikuwa na picha ya mtoto wa Kiaustria, kichwa kikubwa juu ya mwili uliosinyaa, na maneno ya kuwaambia Waingereza kwamba kizuizi chao ndicho kilichofanya haya. Akakamatwa. Kosa lake chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa ni kutoa vipeperushi ambavyo havijapita kwa mkaguzi wa serikali.

Kesi ilisikilizwa mwezi Mei. Alijitetea mwenyewe. Kwa mujibu wa sheria hakuwa na pa kukimbilia, kwa kuwa vipeperushi kweli havikukaguliwa, kwa hiyo aliongea juu ya kile kilichoandikwa ndani yake huku waandishi wa habari wakinukuu. Alitiwa hatiani, faini pauni 5. Kisha likatokea jambo ambalo mtu yeyote aliyezoea mahakama zetu atalisoma mara mbili. Mwendesha mashtaka, Sir Archibald Bodkin, yule yule aliyeshindilia kesi dhidi yake, alimfuata akamkabidhi noti ya pauni 5, kiasi cha faini ile. Jebb hakuilipia faini. Aliiweka kwenye mfuko mpya aliokuwa anaupanga. Kwa hiyo mchango wa kwanza wa Save the Children ulitoka mkononi mwa mtu wa serikali aliyemshtaki.

Mfuko ulizinduliwa tarehe 19 Mei 1919 katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Ukumbi ulijaa, na si wote waliokuja kwa wema. Wako waliobeba matunda mabovu ya kumrushia msaliti anayetaka kulisha watoto wa Wajerumani. Inaelezwa kwamba alianza kwa sauti ya chini, kisha ikapanda. Aliwaambia haiwezekani mtu mwenye ubinadamu wa kawaida akae anatazama watoto wanakufa njaa bila kujaribu kuwaokoa. Matunda hayakurushwa. Baadaye mwandishi George Bernard Shaw, aliposakamwa kwa kuunga mkono watoto wa adui, alijibu kwamba yeye hana adui mwenye umri wa chini ya miaka saba.

Sasa niseme linalonikera, maana hawa wakubwa tukiwasifu tu hatuwafaidi.

Picha ile ya kipeperushi ni babu wa picha zote. Jebb ndiye aliyeonyesha dunia kwamba mtoto aliyekonda, akipigwa picha vizuri, anafungua pochi. Alinunua kurasa nzima za matangazo kwenye magazeti wakati mashirika ya hisani yaliona hilo ni jambo la wauza sabuni. Njaa ilipoipiga Urusi mwaka 1921, hasa jimbo la Saratov, mfuko ulimtuma mpiga picha wa magazeti, George Mewes, akarudi na filamu iliyoonyeshwa kumbi kwa kumbi, moja kati ya filamu za kwanza kabisa za kuchangisha fedha. Ilisaidia. Mamia ya maelfu ya watoto walikula majikoni mwa mfuko huo, ingawa kuna magazeti ya Uingereza yaliyodai njaa yenyewe imetiwa chumvi.

Lakini miaka ilivyokwenda, sura ya mtoto kwenye picha ile ikawa yetu. Kila mtu aliyefanya kazi kwenye makao ya watoto anaijua Jumamosi ya wageni: mchele, sabuni za miche, katoni za maji, bango lenye jina la kampuni, na watoto waliopangwa mstari tangu saa nne wakifundishwa wimbo wa kukaribisha. Mtoto anayekataa kupigwa picha anaitwa mkaidi. Bosi wangu alikuwa na dawa yake. Wageni walipotoa simu aliwauliza kwa adabu kama nyumbani kwao kuna watoto, na kama nao wangependa wapigwe picha wakiwa wanapokea chakula cha mchana. Wengine walinuna. Mchele hawakuurudisha.

Je, Jebb angekuwa upande gani? Ukisoma alikoishia, nadhani aliiona hatari hiyo mapema kuliko wengi. Fedha za njaa hukusanywa leo, kesho njaa nyingine. Huruma ya watu inachoka haraka, na inachagua: inampenda mtoto mzuri wa sura kuliko mwizi wa kuku. Alitaka kitu ambacho hakingoji mtu aguswe moyo.

Ndipo akahamia Geneva. Muungano wa kimataifa wa mifuko ya watoto ulikuwa umeundwa huko tarehe 6 Januari 1920, ukilelewa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Yeye, Mwanglikana, alikuwa ameshakwenda Roma kuonana na Papa Benedikto XV baada ya kuona wakubwa wa kanisa lake wanasitasita. Papa aliamuru makanisa yote ya Kikatoliki yachangishe fedha kwa ajili ya watoto wenye njaa tarehe 28 Desemba 1919, sikukuu ya Watoto Mashahidi, na katika waraka wake wa 1920 aliutaja mfuko ule kwa jina. Kumfikisha Papa kwenye jambo lililoanzishwa na Waprotestanti wa Uingereza, miaka ile! Mtu aliyeshindwa kutuliza darasa aliweza kuwapanga maaskofu.

Huko akaandika tamko la haki za mtoto, na inasemekana maneno yake aliyatunga siku moja ya mapumziko, juu ya mlima Salève unaotazamana na jiji. Ni mistari mitano tu, ikitanguliwa na utangulizi kwamba binadamu anawiwa kumpa mtoto kilicho bora kuliko vyote alivyonavyo, bila kujali rangi, taifa wala dini. Kwa maneno yangu inakwenda hivi. Mtoto apewe anachohitaji ili akue sawasawa, mwili na roho. Mtoto mwenye njaa alishwe, mgonjwa auguzwe, aliyechelewa asaidiwe, aliyepotoka arudishwe, yatima na asiye na kwao apewe makao. Wakati wa maafa mtoto awe wa kwanza kupata msaada. Mtoto awezeshwe kujipatia riziki na alindwe dhidi ya kila aina ya unyonyaji. Na mtoto alelewe akijua kwamba vipaji vyake ni vya kuwatumikia wenzake.

Umoja wa Mataifa wa wakati ule, League of Nations, ule uliokuja kufa na vita vya pili, uliupitisha waraka huo tarehe 26 Septemba 1924. Ulikuwa tamko, haukuwa sheria, hakuna nchi iliyoweza kushtakiwa kwa kuuvunja. Hata hivyo angalia mstari wa pili. "Aliyepotoka arudishwe" umekaa sentensi moja na mwenye njaa na mgonjwa, bila kushushwa daraja. Kwenye kazi yetu huyo ndiye mtihani. Mtoto aliyetelekezwa kanisani kila mtu anamtaka. Kijana wa miaka 14 aliyevunja duka, ukimtafutia familia ya kuaminika ya kukaa naye, utazunguka mtaa mzima mpaka viatu viishe soli. Jebb hakumwandikia kipengele cha pembeni.

Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Rovu lilikuwa limemsumbua miaka mingi, alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, na tarehe 17 Desemba 1928 akafariki hapo hapo Geneva, ana miaka 52.

Miaka mitatu baada ya kifo chake ndipo habari hii inapoingia kwetu, na inaingia kwa mlango wenye kelele. Juni 1931 muungano alioujenga uliitisha Geneva mkutano wa kimataifa juu ya mtoto wa Kiafrika: vifo vya watoto wachanga, elimu, ajira. Ukumbi ulijaa wamisionari, maafisa wa serikali za kikoloni na wataalamu. Waafrika walihesabika kwa vidole. Mmoja wao alikuwa Jomo Kenyatta, aliyekuwa Ulaya kwa niaba ya Kikuyu Central Association, chama cha Wakikuyu. Suala la ukeketaji likaibuka, maana Kenya ilikuwa imetoka kwenye mgogoro mkali wa jambo hilo kati ya makanisa na Wakikuyu, na wajumbe wa Ulaya wakataka upigwe marufuku kwa sheria. Kenyatta alipinga, na katika kitabu chake cha mwaka 1938 anautaja mkutano huo.

Kwenye ukeketaji simo upande wa Kenyatta. Nimekaa na mabinti waliopitia kisu, na hakuna mila inayonishawishi. Lakini ukumbi ule nauelewa. Watu wanajadili watoto wako, wanakadiria vifo vyao, wanapanga sheria zao, na wewe mwenye watoto uko peke yako kwenye kiti cha nyuma. Maneno ya Jebb, "bila kujali rangi", yalikuwa kwenye karatasi iliyopitishwa na serikali zilizokuwa zinatoza kodi ya kichwa na kuwaacha watoto wa Kiafrika wachume kahawa na mkonge. Sijui kama angelisema hilo kwa sauti kama angekuwa hai. Wenzake hawakulisema vya kutosha.

Mistari ile mitano ilizaa. Umoja wa Mataifa wa sasa ulitoa tamko lenye kanuni kumi tarehe 20 Novemba 1959, kisha siku kama hiyo mwaka 1989 ukapitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, huu wenye nguvu ya kisheria. Mwaka uliofuata, Julai 1990, viongozi wa Afrika wakapitisha mkataba wao jijini Addis Ababa, Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ulioanza kutumika Novemba 1999. Na ndani ya msafara huo kuna kituko ambacho semina nyingi hukipita. Mstari wa tano wa Jebb, ule wa mtoto kuwatumikia wenzake, uliingia kwenye kanuni ya kumi ya 1959. Mwaka 1989 wajibu wa mtoto haukupewa ibara. Mwaka 1990 Waafrika waliurudisha: ibara ya 31 yote ni wajibu wa mtoto, kwa familia, kwa wazee, kwa jamii, akiweka uwezo wake wa mwili na akili kwenye utumishi wa taifa lake. Tanzania imeuweka katika kifungu cha 15 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kwa hiyo Mwingereza yule, kwenye jambo hili, ana ndugu wengi Handeni na Lushoto kuliko New York kwenye makao ya Umoja wa Mataifa.

Wanaharakati wenzangu wengi hawakipendi kifungu hicho. Wanahofu, na si bure, kwamba mzazi atakigeuza fimbo. Niliona ikitokea. Baba mmoja aliletwa ofisini kwa kumwachisha binti yake darasa la sita ili ampeleke kwa shangazi Dar es Salaam akafanye kazi za ndani. Alikuwa amejiandaa. Alisema mtoto ana haki, sawa, lakini hata sheria yenu inasema ana wajibu wa kusaidia wazazi, au hiyo hamkusoma?

Bosi alivuta droo, akatoa kijitabu cha sheria kilichobandikwa gundi mgongoni, akamsomea kifungu cha 15 neno kwa neno, bila kukibishia. "Umesema kweli baba, hiki hapa." Kisha akarudisha kurasa hadi cha 12, kinachokataza kumwingiza mtoto kwenye shughuli itakayodhuru afya yake, elimu yake au makuzi yake, akakisoma nacho kwa sauti ile ile. Akamuuliza shangazi anaishi mtaa gani, simu yake namba ngapi, na shule gani iliyo karibu na kwake, maana kaunta buku ilikuwa wazi na ukurasa wa binti ulishaandikwa jina. Baba alikaa kimya kidogo, akasema atafikiria. Mama akamwambia afikirie hadi Jumatatu saa mbili asubuhi, saa ambayo yeye mwenyewe atakuwa shuleni kuhesabu nani yupo darasani.

Yule baba alipoinuka aliomba atolewe kopi ya vifungu vyote viwili. Alielekezwa stesheneri ng'ambo ya barabara, kwa gharama yake, na kijitabu kilimfuata mkononi mwa mhudumu wa ofisi ili kirudi. Jumatatu binti alikuwepo.